Tembe Letu na Kibao cha Serikali

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Madaftari arobaini na mawili ya darasa la nne, yamekwisha. Maji ndoo nne. Shangazi Mwanaidi kakohoa kutwa kwa vumbi, na dawa hataki.

Saa kumi nafagia baraza, namwona Rajabu na watu wawili na futi kamba. Wamepima uso wa nyumba yetu kona hadi kona. Hodi hawakupiga, wala Shangazi hawakumwamkia. Rajabu ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya mtaa, lakini kabla ya uenyekiti alikuwa mtoto wa Bi. Hadija wa nyumba ya pili, na kala ugali wetu mpaka akaota ndevu. Nilipomuuliza wanapima nini akasema, "Utaarifiwa mkutanoni, Mwalimu."

Mwalimu! Jina langu Zena, na analijua.

Nimekasirika mpaka nimeunguza maharage.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimearifiwa. Tembe letu livunjwe, pajengwe duka la ushirika. Rajabu kasema nyumba za matope ni aibu kwa nchi inayojenga ujamaa, na nyumba bora ni ya saruji na bati. Sisi tutapewa kiwanja nje ya mji. Shangazi ana miaka sabini na minane. Alizaliwa chumba cha magharibi na mpaka leo analala humo humo.

Duka silipingi. Foleni ya sukari nasimama kama wenzangu. Lakini nyuma ya soko pana uwanja mtupu unaoota magugu, na nikasema hivyo.

Basi nikasimama tena nikawaeleza nyumba hii ni nini, kana kwamba ni wageni katika mtaa wetu wa Ng'ambo. Babu yangu alikuwa mnyapara wa wapagazi. Alilijenga tembe hili wapate pa kutua mizigo na kulala, waendao Ujiji na warudio pwani. Matajiri wa misafara walikuwa na majumba yao. Wabebaji walikuwa na hili. Nusu ya watu waliokaa kwenye mkutano ule ni wajukuu wa waliolala humu. Rajabu akajibu kwamba kubeba mizigo ya watu si jambo la kujivunia. Babu yake alibeba pembe mpaka Bagamoyo, tena si mara moja! Watu wakatazama miguu yao, wakainua mikono, wakapitisha. Mwisho wa Novemba tuwe tumehama.

Waoga. Wote.

Jumamosi, 7 Septemba

Mwalimu mkuu kanipa fununu. Kuna wakubwa Dar es Salaam wanaoandikisha majengo ya kale. Jengo likishaandikishwa halivunjwi, awe nani anayetaka kulivunja. Fomu zinapatikana hapa hapa mjini, ofisi ya mkoa.

Jumatatu naifuata.

Jumanne, 10 Septemba

Fomu ina kurasa nne. Nimeijaza kwa kalamu ya wino, mwandiko wa ubaoni. Urefu, upana, unene wa kuta, idadi ya vyumba. Historia nimeandika ukurasa mzima nikaongeza karatasi.

Swali la kumi na moja: jengo limefanyiwa mabadiliko gani tangu lijengwe? Nikamuuliza Shangazi, ambaye alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mabadiliko gani tena? Baba kaliacha hivi, nasi tumekaa hivi."

Nikaandika: Hakuna. Halijaguswa tangu wakati wa misafara.

Sentensi nzuri. Nimeisoma mara tatu.

Jumatano, 25 Septemba

Mfungo wa Ramadhani, koo kavu, na wageni wamefika. Mkaguzi kutoka Dar es Salaam, kijana mpole, mwenye kamera na daftari gumu. Kapiga picha boriti, kuta, milango, milizamu ya mbao inayotoa maji darini. Kapanda ngazi kulitazama paa, bapa kama meza, udongo mtupu. Kasema hajaona tembe la mjini lililosimama vizuri hivi.

Kisha akaniuliza ni mzungu gani mashuhuri aliyelala humu. Nikasema hapana. Hata mmoja? Hata mmoja. Akauliza basi labda mfanyabiashara mkubwa. Nikasema walilala wapagazi. Akaandika, lakini niliiona kalamu ilivyopoa. Kumbe mtu kubeba mzigo wa ratili sitini miezi mitatu kwa miguu hakutoshi. Lazima awepo wa kubebwa ndipo pawe mahali.

Rajabu aliandamana naye mwanzo hadi mwisho, meno nje. Hata kamera alimshikia.

Ijumaa, 18 Oktoba

Jana Idi, leo barua. TUMEKUBALIWA.

Tembe la Wapagazi, Ng'ambo, Tabora. Limeandikwa hivyo, kwa mashine, na mhuri. Nimemsomea Shangazi mara mbili. Akapiga kigelegele mpaka Bi. Hadija akaja mbio akidhani kuna mtoto kazaliwa. Tukala mabaki ya biriani ya Idi tukicheka. Bi. Hadija kasema mwanawe leo hajala.

Asile.

Jumanne, 22 Oktoba

Mafundi wa ofisi ya mkoa wamepigilia kibao kando ya mlango. Bati jeupe, maandishi meusi, misumari minne. Watoto wa shule wamepita kukisoma kwa sauti. Nimejiona mtu.

Jioni nimesoma upande wa pili wa barua. Ijumaa sikuusoma, furaha ilinitosha. Kwa kuwa jengo limethibitishwa kuwa halijaguswa, ni marufuku kulibadili, kuliongeza, kulipunguza, kulipaka au kulikandika, ndani au nje, bila kibali cha maandishi.

Kulikandika.

Nimeketi na barua mapajani mpaka chai ikapoa.

Tunalikandika kila mwaka! Kabla ya mvua, paa lote na kuta zote. Ndiyo maana limesimama. Paa la udongo lisipokandikwa linakunywa maji kama sifongo. Na mimi, mwalimu mzima, nimeandika halijaguswa. Sikuwa nasema uongo. Kukandika hakukunijia kichwani hata kidogo. Nani aliyewahi kuulizwa habari zake akaanza kusema kwamba huwa anaoga?

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku mbaya.

Jumamosi hii ndiyo siku ya makapu. Niiandike, maana nimegundua kwamba haikuwahi kuandikwa popote, na hilo ndilo lililotuponza. Kila ukoo ambao babu yao alitua mzigo kwenye nyumba hii huleta kapu moja la udongo wa kichuguu kila mwaka. Wanaume hulileta uani. Watoto hukanyaga udongo, mavi ya ng'ombe na majivu mpaka vishikane. Wanawake hupanda na kukandika. Hakuna anayelipwa. Chai na mihogo, basi. Mimi na Rajabu tulikanyaga pamoja tukiwa na miaka sita, na alikuwa anapenda kunirushia matope ya kwenye nywele.

Walikuja. Makapu ishirini yalikuwa yameshapangwa uani, na Shangazi keshafunga kanga kiunoni. Ndipo akaja Rajabu na mgambo wawili. Mtu yule yule wa futi kamba. Akasimama chini ya kibao akatoa karatasi mfukoni. Hii ni mali ya taifa, anasema. Hakuna ruhusa kuigusa. Akasoma maneno yangu mwenyewe kutoka kwenye nakala ya fomu, kwamba halijaguswa tangu wakati wa misafara. Akanigeukia: "Au Mwalimu alidanganya serikali?"

Macho yote kwangu.

Nikawaambia wanawake warudi nyumbani. Mimi ndiye niliyewaambia, si Rajabu wala mgambo. Nilisema tufuate sheria, nitaomba kibali. Shangazi akafungua kanga yake kiunoni akaingia ndani, hakuniangalia.

Najidharau leo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ofisi ya mkoa. Nimesubiri tangu saa mbili hadi saa sita. Kibali kinaombwa kwa fomu nyingine, nakala tatu, na lazima mtaalamu aje kukagua. Mtaalamu atakuja mwaka ujao wa serikali. Yaani baada ya Juni. Nikamwambia karani mvua inaanza wiki ijayo au inayofuata. Akasema anaelewa kabisa, lakini jengo limesimama miaka mingi bila kuguswa, miezi michache italishinda nini?

Nikamweleza. Akanionyesha nakala ya fomu yangu.

Nilitaka kumpiga na kiti.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimekutana na Rajabu kwenye foleni ya mafuta ya taa. Mchangamfu, kaniuliza hali ya Shangazi. Kasema kamati haina ugomvi tena na nyumba yetu, wanaiheshimu sana. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba likianguka lenyewe hapatakuwa na wa kulaumiwa, na duka linaweza kusubiri.

Kwa hiyo ndivyo. Halilindi tembe. Analilinda lianguke. Sheria niliyoiomba mimi kwa mwandiko wangu mzuri ameishika yeye, na anaishika vizuri kuliko mimi.

Nimerudi nyumbani bila mafuta. Niliondoka kwenye foleni.

Jumapili, 3 Novemba

Kapu la ukoo ulioko Ziba limefika. Ukoo ule ulihama zamani kufuata malisho, lakini kila mwaka kapu lao hupanda lori la pamba Igunga na kushushwa hapa stendi. Habari za marufuku hazijawafikia. Limefunikwa gunia na kushonwa kwa katani, kama kawaida.

Nimeliweka ukumbini. Shangazi kaligusa, kaondoka.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua ya kwanza. Saa tisa hadi saa kumi na moja. Chumba cha magharibi kinavuja sehemu tano, changu mbili. Sufuria zote zimetandazwa sakafuni, leo tumepika kwenye birika.

Shangazi hasemi nami. Salamu anaitika, basi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepeleka simu ya maandishi Dar es Salaam. Maneno kumi na mawili. PAA LINAVUJA TUNAOMBA KIBALI KUKANDIKA HARAKA MZEE ANAISHI NDANI MWALIMU ZENA TABORA. Karani wa posta kaisoma, kasema pole.

Nimemwomba Shangazi ahamie chumbani kwangu. Hataki.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua tena. Jibu la simu hakuna. Ukuta wa magharibi umefanya tumbo. Kibao kinang'aa, mvua imekiosha.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilikuwa nafundisha mafungu ya desimali. Mtoto wa jirani kaja mlangoni anahema. Nikajua. Nimekimbia na chaki mkononi kutoka shule mpaka Ng'ambo.

Chumba cha magharibi hakipo. Paa limekaa chini na ukuta wa nje umelala juu yake. Shangazi alikuwa uani anatia udhu kwa ajili ya alasiri. Angekuwa amemaliza angekuwa ndani, juu ya mswala. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu bado ina maji. Nikapiga magoti nikalia kama mtoto, mbele ya watu, na sijali.

Boriti moja imechomoza, na pale paa lilipokatika unaona udongo ulivyopangana, mwaka juu ya mwaka, mwembamba kama maganda ya kitunguu, mwingine mwekundu, mwingine wa kijivu. Nikaanza kuhesabu. Nikaacha. Kila moja ni makapu ya watu. Haya ndiyo "hakuna" yangu ya swali la kumi na moja.

Rajabu amekuja kutoa pole. Futi kamba ilikuwa mfukoni, niliuona mfuko ulivyovimba. Shangazi akamjibu, "Ahsante, mwanangu." Mimi nilimpa mgongo, la sivyo ningemtukana matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua.

Jumanne, 12 Novemba

Shule sikwenda. Miaka kumi na tisa ya ualimu, mara ya kwanza bila ruhusa.

Shangazi alitoka alfajiri, na fimbo yake, nyumba kwa nyumba. Sijui alisema nini. Saa mbili ua ulikuwa umejaa. Makapu ya wiki mbili zilizopita yalirudi yote, na kapu la Ziba likafumuliwa katani. Watoto wakaanza kukanyaga. Mimi nilibeba maji. Sikuwa na haki ya kuamuru chochote.

Rajabu akatokea na mgambo wake wawili na karatasi ile ile. Akaanza kusoma. Mali ya taifa, bila kibali, na kadhalika. Hakuna aliyesimama kumsikiliza. Wa kwanza kufika kwenye ngazi alikuwa Bi. Hadija mwenyewe, miaka sabini, kapu la ukoo wao kichwani. Akatazama ngazi ilivyokuwa inacheza kwenye tope. Akasema, "Rajabu, shika ngazi."

Akaendelea kusoma.

"Rajabu. Nitaanguka mimi."

Akaikunja karatasi. Akashika ngazi kwa mikono miwili. Na kwa sababu alikuwa keshaishika, wakapanda wote waliofuata, wanawake kumi na nane, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimdondoshea tope begani. Mgambo mmoja akavua viatu akaingia kukanyaga na watoto. Babu yake naye alilala humu.

Nikapanda wa mwisho. Nilikandika mpaka kucha zikatoka damu. Hasira yote ya miezi mitatu niliishindilia pale juu, na bado ilibaki.

Alhamisi, 14 Novemba

Jua siku mbili mfululizo. Bahati. Paa limekauka bila nyufa. Kifusi cha magharibi tumekisogeza kando, boriti nzima nne zimepatikana. Shangazi amehamia kwangu. Anakoroma.

Mwalimu mkuu kanipa barua ya onyo kwa utoro. Kanipa na mkono.

Jumamosi, 30 Novemba

Barua kutoka Dar es Salaam, na sasa ndiyo haraka. Jengo limefutwa kwenye orodha. Sababu mbili. Limekandikwa bila kibali, na mwombaji alitoa maelezo yasiyo ya kweli katika swali la kumi na moja. Kibao kirudishwe.

Mwombaji ni mimi. Mwongo ni mimi. Simu yangu ya maneno kumi na mawili haikutajwa popote, wala chumba kilichoanguka, wala mzee. Wameandikisha nyumba ambayo haiguswi na mtu, na nyumba ya namna hiyo Tabora nzima haipo, iliyopo ni magofu. Nimeandika jibu la kurasa sita. Nimemsomea Shangazi. Akasikiliza yote, akauliza kama wale wa Dar es Salaam wamewahi kukaa kwenye nyumba ya udongo. Nikasema sidhani.

"Basi hawakujua," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Yeye kasamehe. Mimi sijasamehe.

Kurasa sita sijazituma bado.

Alhamisi, 5 Desemba

Kamati imekaa. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kupigana, maana sasa hatuna kibao cha kutukinga. Ajenda ya duka ikafika. Mmoja akapendekeza uwanja wa nyuma ya soko. Rajabu akauliza kama kuna pendekezo jingine. Akasubiri. Akatazama dirishani, akasubiri zaidi ya inavyohitajika. Hakuna aliyesema neno. Wakapitisha.

Uwanja ule ule nilioutaja mimi Septemba! Hata asante ya kuutaja sikupewa.

Nimetembea kurudi nyumbani polepole.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ndefu na ya taratibu. Sakafu kavu. Milizamu inatoa maji barazani kama inavyotakiwa.

Ilipokatika Rajabu alikuja kuchukua kibao. Peke yake, na koleo. Alipiga hodi. Alimwamkia Shangazi, akaitikiwa marahaba, akapewa chai akanywa akiwa amesimama. Aling'oa misumari mmoja mmoja bila kubomoa ukuta. Alipokuwa anaondoka, kibao kwapani, alisema mama yake anauliza: chumba cha magharibi kikijengwa baada ya mvua, walete kapu moja au mawili?

Shangazi akasema mawili.

Akaenda. Ukutani yamebaki matundu manne. Nikachota udongo kidogo uani, nikauponda kwa kiganja na maji ya mvua, nikayaziba kwa kidole. Kufikia alasiri yalikuwa yamekauka.